Shina Lililofungwa Kamba: Mhadhara juu ya Nguvu ya Shina katika Uzalishaji wa Mbegu za Bangi



Najua neno moja katika tangazo la mhadhara huu ndilo lililowafanya baadhi yenu muwahi viti vya mbele, jambo ambalo sikulizoea nilipokuwa nikihutubia juu ya mtama. Basi niliweke sawa mapema. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 na ile ya Kenya ya mwaka 1994 zinakataza kilimo cha bangi, nami sikuja kumfundisha mtu namna ya kuzikwepa. Ila Lesotho ilianza kutoa leseni za bangi ya dawa mwaka 2017, Malawi ikapitisha sheria yake mwaka 2020, na huko Ufaransa aina za nyuzi hulimwa kwa maelfu ya hekta zikiwa na ruzuku. Wahitimu wetu wataajiriwa huko, na watakachoulizwa ni maswali ya kilimo.

Swali nililolichagua ni la shina. Hoja yangu ni kwamba mmea huu umezalishwa kwa muda mrefu na watu waliokuwa wakitazama kitu kingine: ama nyuzi zilizomo ndani ya gome, ama vishada vya maua vilivyo juu. Shina lilifuata tu, na lilipoonekana kushindwa lilifungiwa kamba. Nami nasema mbegu iliyochaguliwa ndani ya wavu haijachaguliwa kwa nguvu ya shina, hata kama pakiti yake imeandikwa hivyo kwa herufi kubwa.

Tuanze na umbile. Ukilikata kwa upana shina la bangi lililokomaa, nje utakuta gome, na ndani ya gome hilo mafungu ya nyuzi ndefu zenye selulosi nyingi na lignini kidogo. Linalofuatia ni tabaka la mti, gumu, lenye lignini nyingi, ambalo ndilo lenye sehemu kubwa ya uzito wote. Ndani kabisa kuna moyo laini, ambao katika aina nyingi hunyauka na kuacha uwazi. Upepo ukilipiga shina, upande unaoelekea upepo huvutwa na upande wa pili hugandamizwa. Nyuzi za gome ni hodari katika kuvutwa. Mti wa ndani ni hodari katika kugandamizwa. Shina husimama kwa sababu tabaka hizi mbili zimegawana kazi, na kila anayezalisha mbegu kwa kuongeza moja huwa anagusa mgawanyo huo, apende asipende.

Uwazi wa katikati si kasoro. Kilicho karibu na kiini husaidia kidogo sana kuzuia kupinda. Ndiyo maana fremu ya baiskeli ni bomba, si nondo. Kinachohesabika ni unene, yaani kipenyo, na hesabu yake ni kali kuliko wengi wanavyodhani. Shina lenye kipenyo mara mbili, kama umbo na ubora wa mti wake ni ule ule, huwa gumu kupinda mara 16. Urefu nao hudai deni lake: kwa kanuni ya Leonhard Euler, mwanahisabati wa karne ya 18, nguzo ikirefushwa mara mbili, mzigo wa juu unaotosha kuikunja hushuka hadi robo. Mwaka 1881 Mwingereza Alfred George Greenhill alizipeleka hesabu hizo kwenye miti, akaonyesha kwamba mti unaorefuka lazima unenepe kwa kasi zaidi ya unavyorefuka, la sivyo utaangushwa na uzito wake wenyewe. Kwa hiyo mkulima akiniambia kwamba aina yake mpya ni ndefu zaidi na yenye vishada vizito zaidi, swali langu la kwanza huwa juu ya kipenyo cha shina karibu na udongo. Wengi hawajakipima.

Hapo nimezungumzia shina lenyewe tu. Watu wa mahindi waliomo humu wanajua kwamba mmea unaweza kuanguka shina likiwa zima kabisa, kwa kuwa mizizi imeachia udongo. Kwenye mahindi tunayahesabu mambo hayo mawili mbalimbali: mabua yaliyovunjika chini ya gunzi ni hesabu moja, mimea iliyoinama zaidi ya digrii 30 kutoka wima ni hesabu nyingine, kwa sababu dawa ya moja si dawa ya nyingine. Wakulima wa bangi ya maua huyachanganya. Na wao wana sababu ya ziada ya kuwa waangalifu: mimea yao mingi hutokana na vipandikizi, si mbegu. Mche wa mbegu hutuma mzizi mkuu chini. Kipandikizi huotesha mizizi ya pembeni pale kilipokatwa, wala hakina mzizi mkuu. Mmea ukilala, lawama huangukia ukoo wake wakati kosa huenda ni la namna ulivyooteshwa.

Sasa nifike mahali ambapo uteuzi huharibika. Shina halifiki na unene wake wote likiwa ndani ya mbegu. Mengine hufundishwa na upepo. Mwaka 1973 Mmarekani Mark Jaffe alieleza majaribio ambayo mwanafunzi yeyote anaweza kuyarudia: alisugua mashina ya miche kwa sekunde chache kila siku, na miche iliyosuguliwa ikawa mifupi na minene kuliko iliyoachwa. Mwaka 1990 watafiti Janet Braam na Ronald Davis wakaonyesha kwamba mmea ukiguswa, baadhi ya jeni zake huamka ndani ya nusu saa. Upepo, mvua, mnyama anayepita, vyote huuambia mmea ujenge shina kabla ya kujenga kimo. Ndiyo maana wanaolima ndani ya nyumba chini ya taa huweka feni ziyumbishe miche, ingawa wengi wao watakwambia kwamba feni ni kwa ajili ya hewa safi tu.

Kivuli hufundisha kinyume. Majani hunyonya mwanga mwekundu na kuupitisha ule mwekundu wa mbali. Mmea ulio chini yake huisoma tofauti hiyo, hujua kwamba umezungukwa, na hurefusha pingili zake ili uwawahi majirani. Mbolea ya naitrojeni ikizidi huongeza balaa, kwani pingili hurefuka haraka kuliko kuta zake zinavyokomaa. Tokeo ni kwamba mbegu zilizotoka kwenye jike moja, zikipandwa kwenye kitalu nyumba kisicho na upepo na kwenye uwanda wa wazi, zitatoa mashina mawili ambayo mgeni asingeamini ni ya ukoo mmoja. Mwenye kuchagua kwenye kitalu huchagua kitu ambacho kitalu chenyewe kimekificha.

Wazalishaji wa bangi ya nyuzi waliingia katika mtego mgumu zaidi, na nitakaa kwao kwa muda, maana kwao shina ndilo zao.

Fikirieni anachotaka mwenye kiwanda cha nyuzi. Anataka shina refu, jembamba, lenye pingili ndefu, lisilo na matawi, mti wake wa ndani uwe mwembamba ili gome lichune vizuri baada ya mabua kuvundikwa kwa umande au majini. Yote hayo ni kinyume cha anachotaka upepo. Suluhisho la kale ni msongamano: shamba la nyuzi hupandwa mimea mia moja na zaidi kwa mita ya mraba, wakati shamba la maua lina mmoja au miwili. Katika msongamano ule hakuna tawi linalopata nafasi, mimea dhaifu hufa chini ya wenzake, na iliyobaki husimama kwa kuegemeana. Nendeni pembezoni mwa shamba muone: mimea ya ukingoni ina mashina manene yenye matawi, hailali, na mwenye kiwanda haitaki.

Huko Marekani, Lyster Dewey wa Wizara ya Kilimo alizalisha aina kadhaa kwa uteuzi wa kimo na urefu wa pingili: Kymington, Chington, na Ferramington, ambayo ni chotara wa Kymington na aina ya Ferrara kutoka Italia. Kazi hiyo ilifanyika shamba la Arlington, ng'ambo ya mto kutoka Washington, mahali ambapo sehemu yake leo limesimama jengo la Pentagon. Aina hizo hazipo tena mashambani. Japani ilipoiteka Ufilipino mwaka 1942 na nyuzi za abaka zikakatika, wizara ile ile ilibidi itengeneze filamu ya kuwabembeleza wakulima warudie zao ambalo sheria ya kodi ya mwaka 1937 ilikuwa imewakatisha tamaa nalo. Wazee wa Tanga wanalijua pengo hilo kwa upande wao, kwani ndilo lililoifanya Uingereza iyasukume mashamba ya mkonge ya Tanganyika yatoe kila kilo iliyowezekana. Mkonge una bahati moja juu ya bangi: nyuzi zake zimo ndani ya jani, na hakuna upepo unaolaza jani la mkonge.

Lakini kazi ninayoistaajabia zaidi ni ya Mjerumani Gustav Bredemann. Tatizo lake lilikuwa hili. Bangi ina dume na jike mbalimbali, na chavua husafirishwa na upepo. Ukitaka kuongeza nyuzi huna budi kumchagua hata baba, lakini ili ujue baba ana nyuzi kiasi gani lazima ulivunde na kulichambua shina lake, na dume aliyechambuliwa hatoi chavua. Wengi walichagua majike tu na kuuachia upepo mambo ya baba. Bredemann aliwapasua madume kwa urefu kabla hawajachanua. Nusu moja ya shina ilikwenda maabara kupimwa nyuzi. Nusu ya pili ilibaki shambani, hai. Waliopatikana na nyuzi chache waling'olewa kabla ya kuchanua, na walio na nyingi wakaachwa, nusu mwili, wawe baba wa kizazi kifuatacho. Kwa miongo mitatu hivi ya uteuzi wa namna hiyo kiwango cha nyuzi katika shina kilikaribia kuongezeka mara tatu. Aina ya Fibrimon ilitokana na kazi hiyo, na kutoka Fibrimon zikatokea Fedora, Felina na Futura za Ufaransa, ambazo bado zinapandwa.

Sifa hiyo ina bei yake. Nyuzi za gome ni za namna mbili. Za kwanza huzaliwa shina linaporefuka, ni ndefu, mara nyingi hufika milimita 20. Za pili huzaliwa baadaye shina linaponenepa, nazo ni fupi, milimita mbili hivi, zenye lignini zaidi. Uteuzi wa kiwango cha jumla uliongeza kwa sehemu kubwa hizi za pili, kwa kuwa mizani ya maabara haikuuliza ni nyuzi gani. Mwenye kutaka kitambaa laini alipata uzito asioutaka. Mimi sioni kosa la Bredemann hapo; alipima kilichopimika kwa vifaa vya wakati wake. Lakini sifa isiyoandikwa kwenye daftari huendelea kubadilika gizani, na katika aina nyingi za bangi nguvu ya shina haikuandikwa.

Upande wa maua, historia ni fupi na haina maabara. Bangi ya nchi za joto, ikiwemo hii ya Afrika Mashariki na Malawi, ni ndefu, ya majani membamba, hukaa muda mrefu kabla ya kukomaa. Mmea huo ulivumiliwa wakati kishada kilikuwa chepesi. Katika miaka ya 1970 wakulima wa California walianza kuuchanganya na mimea ya Afghanistan, iliyokuwa imechaguliwa kwa vizazi vingi kwa ajili ya utomvu: mifupi, ya majani mapana, mashina yake manene kama kifundo cha mkono. Chotara mashuhuri wa wakati ule, Skunk No. 1, alikuwa na damu ya Afghanistan, Meksiko na Kolombia. Walichotafuta ni mazao ya haraka na kimo kinachoweza kufichika. Shina imara lilikuja kama nyongeza.

Wataalamu wa ngano watatambua mbinu hiyo. Mwaka 1935 Japani ilitoa ngano fupi iitwayo Norin 10. Mbegu zake zikapelekwa Marekani mwaka 1946, na mzalishaji wa ngano Norman Borlaug akazipata huko Meksiko akiwa na ngano iliyokuwa ikilala kila alipoiongezea mbolea. Jibu lilikuwa kulifupisha bua, na halikuhitaji lignini wala mti mgumu. Jeni husika, kama ilivyokuja kubainika mwaka 1999, huufanya mmea usiitii homoni ya jiberelini inayourefusha. Mpunga wa IR8, uliotolewa mwaka 1966, ulifupishwa kwa jeni nyingine inayogusa homoni hiyo hiyo. Robo ya urefu ikiondoka, hesabu ya Euler hufanya kazi iliyobaki.

Mkulima wa maua anaweza kuifuata njia hiyo, naye ameifuata. Mkulima wa nyuzi hawezi, kwa sababu bua analolifupisha ndilo analoliuza. Hivyo, kwa mtazamo wangu, tatizo la shina imara halisi, lile la kusimama refu bila kuanguka, ni la watu wa nyuzi peke yao, na ajabu ni kwamba wanaoliandikia sana ni wale wa maua.

Na hao wa maua hawajalimaliza. Baada ya kufupisha shina waliendelea kuongeza uzito wa kishada hadi shina fupi nalo likaelemewa. Sasa ndani ya nyumba zao kuna wavu mmoja au nyavu mbili zilizotandazwa kwa usawa, vijiti, kamba zilizoning'inizwa kwenye dari. Wapo wanaokata ncha ya mche ili mzigo ugawanyike kwenye matawi mengi. Hilo ni jambo la maana, kwani hupunguza uzito uliokaa juu kabisa. Wapo wanaolipinda tawi changa mpaka mti wa ndani upondeke bila gome kuchanika. Mmea huliganga jeraha kwa fundo nene, nao hulisifu fundo lile kama nguvu. Ni kovu. Halirithiwi na mtoto yeyote. Damu ya Afghanistan nayo ilikuja na mzigo wake: kishada kilichoshikamana vizuri katika nchi kavu, mahali penye unyevu huwa makao ya ukungu wa kijivu, Botrytis cinerea, na tawi lililoinama likagusa majirani ndilo linaloanza kuoza.

Sisemi kamba zitupwe. Mkulima anayeuza mavuno yake anayo haki ya kuyategemeza, kama afanyavyo mkulima wa nyanya. Nasema kamba zisikaribie kipande cha uteuzi. Kitu ambacho ningekifadhili, kama ningekuwa na fungu, ni jaribio la kila ukoo katika vipande viwili: kimoja chini ya wavu, ili kupima mavuno yake kwa haki, kingine uwandani, bila kijiti, penye upepo, mimea ikiwa imetoka kwenye mbegu. Katika kipande cha pili ihesabiwe mimea iliyovunjika mbali na iliyong'oka, kipimwe kipenyo cha pingili ya kwanza juu ya udongo, na gome lipimwe kwa kile kifaa chenye sindano wanachokitumia watu wa mahindi kujua nguvu inayohitajika kulitoboa. Hakuna hata kimoja katika vipimo hivi kinachouua mmea, kwa hiyo hatuhitaji hata ujasiri wa Bredemann. Na madume wapimwe pia. Dume wa bangi ni mwembamba kwa maumbile na hufa mapema, ndiyo maana hudharauliwa, lakini nusu ya jeni za shina la binti zake zimetoka kwake.

Jambo la mwisho linawahusu wale watakaofanya kazi katika ukanda wetu. Mbegu za Fedora au Futura zikipandwa karibu na ikweta hukuta siku ya saa 12 na huidhani ni mwisho wa kiangazi cha Ulaya. Huchanua zikiwa bado fupi, na shina likishachanua haliongezi kimo cha maana. Kwa mwenye kutaka nyuzi hapo hakuna zao. Mbegu za kwetu zikipelekwa Ulaya hufanya kinyume: huchelewa kuchanua, hurefuka kupita kiasi, na mvua za Oktoba huzikuta zingali zimesimama, au zimelala. Kwa hiyo ripoti yoyote ya nguvu ya shina isiyotaja latitudo, tarehe ya kupanda na tarehe ya kuchanua haitusaidii, hata kama imepimwa kwa vyombo vizuri kuliko vyetu. Mnapoletewa mbegu na msambazaji, dai lenu la kwanza liwe tarehe hizo mbili. Kipenyo mtakipima wenyewe.

Nimeambiwa tuna nusu saa ya maswali, na naona mikono imeanza kunyanyuka huko mbele.